Kwanza mtoeni mkuu kwenye grupu

Saa 12 asubuhi grupu la WhatsApp la walimu wa kata linaamka: ua waridi lenye umande, "Asubuhi njema wapendwa", tangazo la Afisa Elimu Kata, kisha "Imepokelewa mkuu" mara arobaini. Katikati ya hizo arobaini kuna mwalimu kauliza namna ya kufundisha kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti. Tanga, waja leo waondoka leo. Na swali lake nalo limeshaondoka.

Halafu tunaambiwa mafunzo kazini yako kiganjani!

Mwalimu gani ataandika "mada hii inanishinda" huku mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata na mthibiti ubora wanasoma? Hao hao ndio wanaompima. Atanyamaza, apakue azimio la kazi (mpango wa kufundisha) la mtaala uliopita, lenye jina la shule ya mkoa mwingine juu yake, aendelee na maisha. Mtaala mpya ulianza 2024, maazimio ya zamani bado yanatembea.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka jumuiya za ujifunzaji. WhatsApp inabeba watu 1,024 kwenye grupu moja, na huo ni mkutano wa hadhara. Chukueni walimu 8 hadi 12 wa somo moja: Hisabati darasa la V na VI, kutoka Pongwe, Chumbageni na Makorora hapa Tanga, wanatosha. Wakuu wabaki nje.

Jumapili mmoja atume picha ya kosa moja la mwanafunzi. Daftari lipigwe mchana karibu na dirisha, simu ikae sambamba na ukurasa, jina lifunikwe kwa karatasi. Sura ya mtoto haina kazi humu. Tuseme kosa ni 1/2 + 1/3 = 2/5. Swali liwe moja tu: kwa nini kaandika hivi? Mwenye haraka atajibu "watoto wa siku hizi hawasomi", akalale. Anayetazama ataona mtoto kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wala hakushtuka kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Mshtuko huo ndio wa kufundisha. Gaweni duara vipande 6 sawa: nusu ni 3, theluthi ni 2, jumla 5 kati ya 6. (Wapenda chungwa la Muheza mtanisamehe, halikatiki sawasawa. Kunjeni karatasi, chungwa mle baadaye.)

Alhamisi aliyejaribu hilo darasani arudi na picha ya pili, daftari la mtoto yule yule, hata kama mambo yameharibika zaidi. Picha ya pili isipokuja, wiki nzima ilikuwa porojo. Hapa ndipo magrupu mengi hufia: kila mtu ana mbinu, hakuna anayerudi kusema ilikuwaje darasani.

Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Na zimeni upakuaji wa moja kwa moja, video za watu zisile bando lenu.

Grupu kubwa libaki, haya. Ratiba za mitihani zinahitaji pa kupitia. Ila wekeni admini pekee ndio watume ujumbe, muone "Imepokelewa mkuu" zinavyokufa siku hiyo hiyo. Na mkuu akitaka kujua nani kasoma, abonyeze ujumbe wake kwa muda, afungue taarifa zake. Majina yote yamo humo.