Nani Ahesabu Magari ya Mikindani?

Barabara kuu ya kutoka Lindi kwenda Mtwara mjini inakatiza Mikindani, kandokando ya ghuba, na watu wanaishi papo hapo pembeni. Inapitisha saruji, korosho, na makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayokwenda bandarini. Mkazi akilalamikia malori, hana cha kuweka mezani ila neno lake. Naunga mkono wenyeji wahesabu magari wenyewe, ingawa wahandisi wana hoja nzito.

Hoja yao ya kwanza ni msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, kwa hiyo hesabu ya Novemba haiwezi kusimama badala ya Mei. Hilo halina ubishi: ihesabiwe mara mbili.

Ya pili ni uzito. Majaribio ya barabara ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibeba mzigo maradufu, lami huumia takriban mara 16. Aliyeketi barazani anaona lori, haoni tani. Lakini anaona linaelekea wapi, na hilo si jambo dogo, maana lori la makaa linaloelekea bandarini limeshiba, na linalorudi huenda likawa tupu. Kila upande ukihesabiwa peke yake, kisha takwimu za mizani ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, zikaunganishwa na hesabu hiyo, picha inakamilika.

Na kuna mambo ambayo mwenyeji anayajua kuliko yeyote. Hesabu za barabara kuu kwa kawaida hulenga magari. Mtoto anayesubiri kuvuka saa ya kutoka shule haonekani humo, wala mama mwenye ndoo kichwani. Ubelgiji kuna kifaa kiitwacho Telraam, hubandikwa dirishani na kuhesabu hata waenda kwa miguu na baiskeli. Mikindani karatasi, kalamu na vijana wa kupokezana zamu vinatosha. Hata mwendo unapimika: weka alama mbili zilizoachana mita 100. Gari linalozipita chini ya sekunde 7 limezidi kilomita 50 kwa saa, kikomo cha sheria kwenye makazi.

Kwenye modeli, yaani kuiga mwendo wa magari kwa kompyuta, nakuwa mwangalifu zaidi. Programu ya SUMO kutoka Ujerumani ni ya bure, na ramani za OpenStreetMap zipo wazi, kwa hiyo kijana mwenye kompyuta anaweza kuiga barabara yote. Tatizo ni makisio yaliyomo ndani. Bodaboda anayesimama popote abiria anapomwita, au bajaji inayogeuza katikati ya barabara, haviingii kwa urahisi kwenye kanuni za programu. Makisio mabaya yakigeuka picha ya rangi ukutani, mkutano mzima unaweza kuyaamini.

Hata hivyo, modeli inauliza swali ambalo hesabu tupu hailiulizi: malori yakizuiwa hapa, yataenda wapi? Mtaa unaohesabu bila kujiuliza hivyo unaweza kumsukumia jirani maumivu yake. Hata barabara ya mchepuo si dawa ya uhakika. Mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alithibitisha mwaka 1968 kwamba kuongeza njia kunaweza kuwachelewesha wote. Modeli ndogo yenye swali moja, na makisio yake yakiandikwa wazi, nitaipokea.

Wapo wanaoogopa sheria. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalitishia adhabu kwa anayetangaza takwimu zinazopinga zile rasmi, lakini mwaka 2019 tishio hilo likaondolewa. Tahadhari iliyobaki ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: hesabuni magari, msiandike namba zake wala kupiga picha za nyuso.

Pendekezo langu kwa wenyeviti wa mitaa ni kumwita mhandisi kabla ya kuhesabu. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Waje wote wawili. Wakubaliane na wakazi aina za vyombo, saa za kuhesabu na mahali pa kusimama, wayaandike kwenye fomu, kisha waisaini mbele ya mkutano wa mtaa. Baada ya hapo itakuwa vigumu kwa ofisi kuikataa hesabu kwa kisingizio cha utaratibu.