Timu za mabinti wetu zinafia kwenye nauli

Kaa kijiwe chochote cha Iringa, iwe Mashine Tatu au Kihesa, utakuta watu wanabishana kuhusu Lipuli, timu ya wanaume ya hapa. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 pale Ilulu, Lindi, Azam wakashinda 1-0. Nani alikosa bao, refa alikaushia nini, wote wanakumbuka. Sasa waulize Panama Girls walicheza Ligi Kuu ya Wanawake misimu mingapi na nahodha alikuwa nani. Mmoja atasema, "Aa, ile timu ya wale mabinti?" na mazungumzo yatarudi kwa Simba na Yanga.

Panama ilikuwa ya Iringa hapa hapa. Njombe nao walikuwa na Mapinduzi Queens, Songea wakawa na Ruvuma Queens. Zote zilifika Ligi Kuu, zote zikatoka. Baada yao ukanda huu umebaki ukitazama Ceasiaa Queens, nao ni wa Iringa. Mimi nasema hivi: timu hizi hazikuondoka kwa kukosa vipaji. Vipaji tunavyo hadi vya kugawa. Zinafia kwenye nauli.

Ligi inachezwa nyumbani na ugenini. Timu ya Iringa inaenda Dar, inaenda Dodoma, inaenda Mwanza, inaenda Bunda. Weka wachezaji ishirini na zaidi, benchi la ufundi, basi la kukodi linaloshuka Kitonga usiku, chakula, mahali pa kulala, na kuna ambaye amegeuza kifundo cha mguu anahitaji hospitali. Mlangoni hupati kitu, maana mechi nyingi za wanawake mikoani kiingilio ni bure, na kikiwekwa cha buku watu wanatazamia ukutani. Bili yote inamwangukia mtu mmoja tunayemwita "mwenye timu". Huyo akihamishwa kikazi, au biashara ikiyumba, basi. (Kuna pia wanaoanzisha timu mwaka wa uchaguzi. Hao nisiwaseme, mnawajua.)

Msidhani wanaume wako salama. Ihefu iliyokuwa ikichezea Highland Estates kule Ubaruku, Mbarali, mwaka 2024 iligeuka Singida Black Stars. Mwana Mbarali aliyeimba mpaka sauti ikakauka siku Yanga wanafungwa pale, leo timu yake ana picha tu kwenye simu. Lakini mwanaume ana pa kukimbilia, kuna Mbeya City, kuna Prisons. Binti wa Mafinga timu yake ikifa anarudi shambani, au anapanda basi kwenda Dar kujaribu bahati.

Kuna klabu moja ya Uingereza ambayo naitolea mfano mpaka marafiki wamenichoka: Dick, Kerr Ladies wa mji wa Preston. Walikuwa mabinti wa kiwandani, enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, kiwanda kikitengeneza silaha. Krismasi ya 1917 walicheza uwanja wa Deepdale kuchangia hospitali ya askari majeruhi, na watu 10,000 wakaja. Tarehe 26 Desemba 1920 wakacheza Goodison Park, Liverpool, mbele ya watu 53,000, na maelfu wengine wakabaki nje ya geti. Pesa zote za misaada. Wachezaji walipewa shilingi kumi kwa mechi kufidia gharama, basi.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kuchezea viwanja vya klabu zake, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Katazo lilidumu karibu miaka hamsini. Wenzetu wakahamia viwanja vya pembeni. 1922 wakavuka bahari, Canada ikawagomea, wakaenda Marekani wakacheza mechi tisa na timu za wanaume: wameshinda tatu, sare tatu, wamefungwa tatu.

Kinachonigusa zaidi hakipo kwenye hao watu 53,000. Ni 1926, kiwanda kilipojitoa. Mfadhili kaondoka, viwanja vimefungwa, na chama hakikutaki. Kwa hesabu za kwetu timu hiyo imekufa. Wao wakabadilisha jina, wakaitwa Preston Ladies, wakaendelea. Baadhi yao walikuwa wanafanya kazi hospitali ya Whittingham, akiwemo Lily Parr, yule winga wa kushoto ambaye mashuti yake yaliogopwa, kwa hiyo mkate wa kila siku haukutoka kwenye mpira. Meneja wao Alfred Frankland alipofariki 1957, Kath Latham akashika usukani, na timu ikacheza hadi 1965. Mechi zaidi ya 800. Ilikuwa imeshapita mikono ya kiwanda na ya Frankland.

Rudi nyumbani uone nani anadumu. Tangu Ligi Kuu ya Wanawake ianze msimu wa 2016/17 na Mlandizi Queens kuchukua ubingwa wa kwanza, makombe yote yaliyofuata mpaka 2024/25 yamegawanwa na JKT Queens na Simba Queens. JKT ina jeshi nyuma yake. Simba Queens ina jina, ina mashabiki wa kurithi, na 2022 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco, ikamaliza ya nne. Nawapongeza kwa moyo mmoja. Ila Simba yenyewe, 1936, na Yanga, 1935, hazikuanzishwa na tajiri. Zilianza na watu wa mtaani waliochangishana. Hilo tunalisahau kila tunapokaa kumsubiri mfadhili.

Mkoa wenye chai ya Mufindi na mbao za Sao Hill hauwezi kusema hauna pesa. Njombe wanauza parachichi nje ya nchi. Watu hao hao wana vikoba na saccos zenye vitabu safi kuliko ofisi nyingi ninazozijua. Chukua watu elfu moja, kila mmoja shilingi elfu mbili kwa mwezi. Ni milioni mbili. Haitoshi kusajili straika kutoka nje ya nchi, lakini basi la kwenda Dodoma linajazwa mafuta bila kumpigia mtu simu saa nne usiku.

Najua mtakachouliza: nani atashika hizo pesa? Swali la haki, tumeshaibiwa sana. Jibu langu ni wale akina mama wa vikoba, si kamati ya wazee wa mpira. Mama anayejua kila Jumamosi nani hajarejesha mkopo, huyo ndiye mweka hazina. Na katiba iseme jina la timu na nafasi yake kwenye ligi ni mali ya wanachama, haviuzwi bila kura yao. Wa Ubaruku wangekuwa na kifungu hicho, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Wa Mbeya nanyi mnacheka nini? Uwanja wa Sokoine mnao, Mwanjelwa yote ile ya wafanyabiashara mnayo. Leteni kadi ya uanachama namba moja, nanunua.