Soma Kwanza Yale Ambayo Amri Imekuandikia

Amri ya django-admin startproject, inayoanzisha mradi wa tovuti kwa Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, humaliza kazi yake mara tu unapobonyeza kitufe, na wepesi huo huwafanya wengi wakimbilie kuunda kurasa bila kufungua hata faili moja kati ya yale yaliyoandikwa. Naliona hilo kuwa jambo la hatari, kwa sababu anayeanzisha mradi kwa mstari wa amri hupokea maamuzi yaliyokwisha kufanywa na wengine, naye ndiye atakayeyajibia programu itakapoanza kutumika.

Lichukue faili la settings.py peke yake. Humo DEBUG imewekwa True, hali inayomfaa sana anayejenga, kwa kuwa hitilafu ikitokea ukurasa humwonyesha vipande vya msimbo na mipangilio inayohusika. Lakini programu ikipandishwa kwenye seva ya umma ikiwa bado hivyo, mgeni yeyote ataweza kuyasoma yote hayo. Pana pia SECRET_KEY, ufunguo unaolinda, pamoja na mengine, viungo vya kubadilishia nywila. Tangu toleo la 3.2 la Django, la mwaka 2021, ufunguo huo huanza na django-insecure-, onyo lililo wazi kabisa, na bado wapo wanaouingiza kwenye Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, kama ulivyo. Ninasisitiza utolewe humo kabla ya kuhifadhi hatua ya kwanza ya mradi, kwani Git hutunza historia yote, na ukiufuta kesho katika faili, utaendelea kusomeka katika hatua za jana. Hifadhidata ya SQLite inayokuja na mradi inatosha kwa kuanzia.

Kwa wanaotumia npm, zana ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine, faili ninalolitetea ni package-lock.json, lililoanza na npm 5 mwaka 2017, ambalo huandika toleo kamili la kila kifurushi, vikiwemo vile vilivyoletwa na vifurushi vingine. Machi 2016, kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 tu kiliondolewa kwenye hifadhi ya npm, na miradi mingi ikashindwa kujengwa, mingine ikiwa ya watu ambao hawakukichagua wenyewe. Kwa hiyo node_modules, folda ya vifurushi vilivyosakinishwa, itajwe katika .gitignore, faili linalotaja yasiyoingizwa kwenye Git, lakini package-lock.json libaki ndani ya Git, na kwenye seva itumike npm ci, ambayo husakinisha matoleo yaleyale yaliyoandikwa na hukataa kuendelea endapo faili hilo halipatani na package.json.