Miaka kumi na moja kabla ya picha moja

Wapiga picha wengi siku hizi wanaamini kwamba picha nzuri ya mandhari hutokana na kamera ya bei ghali na programu ya kuihariri. Mimi nashikilia kwamba kinachotangulia ni muda ambao mtu ameukaa porini bila haraka, na shahidi wangu ni mpiga picha Mmarekani Ansel Adams.

Adams alifika bonde la Yosemite, California, kwa mara ya kwanza mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 14 na kamera ndogo ya Kodak aliyopewa na wazazi wake. Hakuacha kurudi. Kuanzia 1920 alikuwa msimamizi wa jumba la Sierra Club, chama cha wapenda milima na watetezi wa mazingira, bondeni humo kwa misimu minne ya kiangazi, japokuwa wakati huo alitarajia kuwa mpiga piano.

Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda kwenye theluji, amebeba kamera nzito na mabamba machache ya kioo ya kunasia picha za rangi nyeusi na nyeupe, hadi mahali panapotazamana na jabali la Half Dome. Uso wa jabali ulikuwa bado kivulini, naye akangoja jua la alasiri liuguse. Alipiga kwanza kwa filta ya manjano, yaani kichujio cha rangi kinachowekwa kwenye lenzi, kisha akatambua kwamba anga ingetoka ya kijivu hafifu na jabali lingepoteza ule utisho aliouona mbele yake. Bamba lilikuwa limebaki moja. Akafunga filta nyekundu iliyokoza, ambayo huzuia mwanga wa buluu, na anga ikatoka karibu nyeusi.

Anga ya namna hiyo haikuwapo siku ile, na wako watakaosema kwamba huo ni ujanja wa filta tu. Sikubaliani nao. Filta kama hiyo ilikuwa ikiuzwa madukani, lakini mgeni wa siku moja angeridhika na bamba la kwanza, kwa kuwa hana picha nyingine ya jabali hilo kichwani ya kulinganisha nayo. Adams alikuwa nayo, tena ya miaka kumi na moja.

Hata hivyo, ukaaji huo haukumfunza kila kitu. Picha zake mashuhuri za Yosemite hazina watu, kana kwamba bonde lile halijawahi kukaliwa, ilhali Waahwahneechee, wenyeji wa asili wa bonde hilo, waliishi humo kwa vizazi vingi hadi askari walipowavamia mwaka 1851, na baadhi ya familia zao zilikuwa zingali bondeni wakati yeye akipiga picha.