Nguzo za Turkana na watu walio chini yake

Karibu na barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, kaskazini mwa Kenya, zipo nguzo 19 za mawe meusi, nyingi zimeinama. Mahali hapo huitwa Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba hao walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe, na mpita njia huweka kijiwe juu ya nguzo.

Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zimeelekezwa kwenye nyota ambazo Waborana, jamii ya wafugaji wa Kenya na Ethiopia, hupangia kalenda yao, Kilimia kikiwemo. Dai hilo lilivuma. Baadaye ikaonekana kwamba mawe yenyewe yana usumaku, unaoweza kuipotosha dira ya mpimaji. Wengine wakapima upya, na ubishi ukaendelea. Nyota zijadiliwe, lakini zisitusahaulishe waliosimamisha mawe hayo.

Maana jibu zito zaidi kuhusu watu wa aina hiyo limetoka Lothagam Kaskazini, eneo jingine la nguzo upande huohuo wa magharibi mwa Ziwa Turkana. Yapata miaka 5,000 iliyopita wafugaji walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wakachimba katikati yake hadi mwambani, wakazika humo wafu wao vizazi kwa vizazi, kisha wakafunika kwa mawe. Wanaakiolojia wanakadiria waliozikwa si chini ya 580: wazee, vijana, watoto wachanga, wanaume kwa wanawake. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi na meno ya kiboko. Hakuna kaburi la mkubwa lililotengwa na ya wengine.

Hapo ndipo ninaposisimka. Tumezoea kusoma kwamba kazi kubwa ya mawe haijengwi bila mfalme wa kuamuru. Hawa walijenga bila dalili ya mfalme yeyote, nyakati ambazo mvua zilipungua, ziwa likarudi nyuma, na ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa bado mali ngeni kwao. Ninaamini walihitaji mahali pa kukutana pasipohama, wakati malisho na maji vikihama kila mara.

Mwanafunzi wa Lodwar anastahili kulikuta hilo katika kitabu chake cha historia, tena kurasa za mwanzo, kabla ya piramidi za Misri.