Adhabu kwa mabasi ya kukodi yasiyo na leseni: nani hasa aumie?

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, basi dogo aina ya Coaster lililokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu pamoja na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro liligongana na lori eneo la Magila Gereza, wilayani Korogwe. Hesabu ya awali ilikuwa watu 17 waliofariki dunia, wengi wao wa ukoo mmoja, waliotoka nyumbani kwenda kumzika ndugu yao nao wakazikwa. Siitaji ajali hiyo ili kumtwisha lawama mwenye gari lile. Ninaitaja kwa kuwa inaonyesha safari ya kukodi ilivyo kwetu: ni safari ya watu wanaojuana, hupangwa kwa haraka, mara nyingi huanza jioni au usiku, na ajali yake moja yaweza kufunga nyumba nzima.

Ndiyo maana kila baada ya msiba wa namna hii hurudi wito wa kuongeza adhabu kwa wenye mabasi ya kukodi wasio na leseni ya usafirishaji, pamoja na madereva wao. Wanaoutoa wanataka faini ipande hadi iume, gari lizuiwe, na dereva asiye na sifa afungwe. Wanaoupinga wanasema kwamba ukali huo utawaangukia wanyonge na kunenepesha rushwa barabarani. Mimi naona upande wa kwanza una haki zaidi, lakini kwa masharti ambayo watunga sheria wetu hawajayapa uzito unaostahili.

Sheria yenyewe ipo. LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi za SUMATRA, mdhibiti wa zamani wa usafiri wa nchi kavu na majini, kwa upande wa nchi kavu, ndiyo inayotoa leseni ya usafirishaji, na anayebeba abiria kwa malipo anatakiwa kuwa nayo, awe anafuata ratiba au anakodiwa. Dereva naye anatakiwa kuwa na leseni ya daraja C au mojawapo ya madaraja yake madogo, kulingana na idadi ya abiria, na kwa mabasi makubwa hana budi kupita kwenye mafunzo ya udereva wa magari ya abiria, ambayo wengi huyapata katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT. Zaidi ya hayo kuna alama ambayo hata mtoto anaijua: namba nyeupe ni gari la biashara, namba ya njano ni gari binafsi. Hiace yenye namba ya njano inayopakia waombolezaji 14 kwa malipo imekwisha kujitangaza yenyewe kabla haijatoka mtaani.

Wapo wanaodhani leseni ni karatasi ya kuiingizia serikali mapato. Si hivyo. Basi la ratiba linalotoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, dereva wake anatakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya safari, na likizidisha kasi kuna mtu anayeweza kuliona kwenye kompyuta. Basi la kukodi lisilo na leseni halimo machoni mwa yeyote. Tena kuna suala la bima, ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamekwisha kulazwa wodini: bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi haikukusudiwa kumlinda abiria aliyelipa nauli, na kampuni ya bima inayodaiwa fidia baada ya safari kama hiyo ina sababu nzuri ya kukataa. Mjane au mlemavu hubaki akimdai mwenye gari ambaye pengine hana kingine zaidi ya lile gari lililogeuka chuma chakavu.

Nalijua jambo hili kwa karibu. Miaka michache iliyopita niliwekwa kwenye kamati ya usafiri ya msiba wa jirani yetu. Saa tatu usiku tulikuwa na daftari la michango, orodha ya watu 31, na bei mbili mkononi: mwenye gari mmoja alitaka shilingi 1,400,000 kwenda na kurudi, mwingine 900,000. Tulichukua ya pili bila mjadala, kwa kuwa jeneza nalo lilikuwa bado halijalipiwa. Gari lilipofika nilimulika tairi za nyuma kwa simu, nikaona zimekwisha kiasi kwamba vidole viliteleza juu yake kama juu ya sahani. Dereva alikuwa deiwaka, yaani kibarua wa siku. Tangu alfajiri alikuwa kwenye daladala, akaitwa jioni na tajiri, yaani mwenye gari, kwa sababu dereva wa kila siku hakupatikana. Tulikunjua viti vya katikati, tukajaza njia yote, tukaondoka. Tulipopita Segera alisimamisha gari, akashuka, akajimwagia usoni maji ya chupa, akasimama kidogo gizani huku ameshika kioo cha pembeni. Mama mmoja aliyekaa mbele akaanza kumsimulia habari za watoto wake, na akaendelea kusimulia hadi Mombo, ili tu asisinzie. Tulifika salama, na kwa kuwa tulifika salama hakuna aliyeuliza lolote tena.

Kwa hiyo anayesema adhabu iwe kali ananigusa mahali panapouma. Hesabu pia iko upande wake. Faini ya papo kwa papo ambayo madereva wengi wanaijua ni shilingi 30,000 kwa kosa, yaani takriban lita kumi za dizeli. Adhabu ya kusafirisha abiria bila leseni ni nzito kuliko hiyo, lakini mara nyingi gari la kukodi hukutana na trafiki kabla ya kukutana na mkaguzi wa LATRA, na kinachoandikwa ni kosa linaloonekana kwa macho, tuseme taa mbovu au abiria kuzidi, huku kosa la msingi likipita. Kwa tajiri aliyelipwa 900,000 faini kama hiyo ni gharama ya kawaida ya safari, kama ilivyo ya mafuta.

Hata hivyo, hoja za upande wa pili si za kupuuzwa, na nzito kuliko zote ni ile ya rushwa. Ukiipandisha faini hadi milioni kadhaa bila kubadili namna inavyotozwa, unampa askari aliye peke yake barabarani usiku kitu kikubwa zaidi cha kuuza. Dereva atalinganisha milioni hizo na noti chache za mkononi, na sote tunajua ataishia wapi. Adhabu inayoogopesha ni ile ambayo mkosaji ana hakika itamfikia, hata kama si kubwa sana.

Hoja nyingine ni ya uhaba. Kila Desemba, abiria wa mikoa ya kaskazini wanapofurika vituoni, LATRA yenyewe hutoa vibali vya muda ili magari ya ziada yaingie njiani. Hilo ni jambo la busara, lakini pia ni ungamo kwamba magari yenye leseni hayatoshi watu wanaposafiri kwa wingi. Msiba haungoji msimu. Kijijini ambako gari pekee ni Noah ya mwalimu mkuu, kuwaambia watu wakodi basi lenye leseni ni kuwaambia wasiende kuzika.

Hapa ndipo maana ya neno kukodi inapohitaji uangalifu. Ndugu aliyeazimisha gari lake na kuchangiwa mafuta amefanya biashara? Na shule au kanisa linalotoa basi lake kwa harusi ya muumini? Wenzetu wa Kenya wameliona hili kwa uchungu. Desemba 2021 basi la shule lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu huko Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Agosti 2025 basi la shule likiwa na watu waliotoka mazikoni lilipinduka Kisumu na kuua zaidi ya 20. Ukiwabana wenye Coaster peke yao, wahitaji watahamia kwenye mabasi ya namna hiyo, yaliyonunuliwa kwa ajili ya wanafunzi na kuendeshwa na dereva aliyezoea njia fupi za asubuhi. Sheria itakayotungwa inapaswa kutazama kama kuna malipo yanayozidi gharama, na kama gari hutumika hivyo mara kwa mara, badala ya kumkamata kila mwenye huruma.

Ninapopima pande zote mbili, naona swali la ukubwa wa adhabu limefunika swali la nani aadhibiwe. Dereva wetu wa usiku ule hakuwa na mkataba, hakupanga bei, na angekataa safari angekosa kazi ya kesho. Kumfunga yeye na kumwachia tajiri faini ni kuadhibu mkono na kuusahau mwili. Mei 2017, baada ya basi dogo la shule moja ya Arusha kutumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, mwenye shule alifikishwa mahakamani. Maana yake mkono wa sheria unaweza kumfikia mmiliki ukitakiwa kumfikia. Uzito wa adhabu uwe hapo: faini inayozidi malipo ya safari mara kadhaa, gari kuzuiwa hadi leseni ipatikane, na anayerudia anyimwe leseni kwa magari yake yote. Dereva aadhibiwe kwa lililo lake, yaani kuendesha bila daraja stahiki, au kulewa, au kukimbiza gari.

Tena gari lisizuiwe njiani ovyo. Trafiki akilisimamisha Chalinze saa saba usiku, ndani kuna jeneza na watu 30, anataka wateremke waende wapi? Kama breki na tairi ni salama, achukue namba, safari iendelee, na mwenye gari aitwe kesho yake kwa kumbukumbu zilizopo kwenye mfumo, ambako hakuna noti inayopita dirishani. Kama gari ni hatari, basi askari awajibike kuwatafutia abiria usafiri mwingine kabla ya kulivuta.

Na kabla ya haya yote kuanza, mwenye Coaster isiyo na hitilafu anayepata simu ya msiba saa tatu usiku aweze kuomba kibali cha safari moja kwa simu yake na kujibiwa kabla ya saa tano. Mamlaka tayari inapokea maombi ya leseni kwa mtandao. Kinachokosekana ni mtu wa kuyajibu usiku, na ada ambayo haitamfanya aone heri kupita kimya kimya. Daftari letu la msiba lilikuwa na safu ya bei, ya idadi ya viti na ya namba ya simu ya dereva. Kibali kama hicho kingekuwepo, tungeongeza safu ya nne, na lile gari la 900,000 tungelijua lilivyo kabla halijafika mlangoni.