Ikoni za kioo huchorwa kinyumenyume

Makala moja kuhusu ikoni, yaani picha takatifu za Kikristo, inasema wachoraji wa jamii ya Hutsul, kule milima ya Karpati nchini Ukraine, "walipaka rangi juu ya kioo". Hapana, walipaka nyuma yake, picha ikatazamwa kutoka mbele kupitia kioo, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Kiolezo cha karatasi huwekwa chini ya kioo. Mistari myeusi ndiyo ya kwanza: macho, pua, mikunjo ya nguo. Kisha wekundu wa mashavu, halafu rangi ya ngozi, kisha nguo, na mandhari ya nyuma mwisho kabisa. Ukitanguliza rangi ya ngozi, basi macho ndiyo kwaheri, maana huwezi kuyachora tena yakaonekana mbele. Jingine ni mkono: usipogeuza kiolezo, Kristo atabariki kwa mkono wa kushoto. Mng'ao kwenye taji mara nyingi si rangi. Ni karatasi ya metali iliyobandikwa nyuma ya sehemu iliyoachwa wazi.

Ushauri wa makala hiyo wa kuisafisha ikoni kwa maji ya sabuni ndio ulionishtua. Kioo hakinyonyi rangi, kimeishikilia tu. Maji yakipenya pembeni mwa fremu, rangi hubanduka. Mkiona madoa yaliyopauka upande wa mbele, ujue hewa imeshaingia kati ya rangi na kioo. Hapo usiweke gundi wala usibandue ubao wa nyuma; ilaze kifudifudi, mgongo wa rangi ukiwa juu, umwite fundi wa uhifadhi. Vumbi la mbele futa kwa kitambaa kikavu.